Zamu ya Moto

Urambo, wiki ya tatu ya kukausha.
Bani limejaa majani hadi juu,
na lazima mtu akeshe, moto usizidi, usipungue.
Leo ni zamu yangu.

Mwanga ulipokuwa bado unatosha
nilifungua Kitabu juu ya kisiki cha mninga,
nikasoma mstari mmoja, nikafunga.
Ndivyo alivyonizoesha mama mkwe, Nyanzala,
ambaye hakujua a wala be.
"Nisomee," alikuwa akisema, nami nikinogewa alinikatiza:
"Basi, binti. Unanimiminia debe, na mimi nina kikombe."
Kesho yake nikimletea mwingine:
"Wa jana bado nautafuna."
Kuna mmoja ulimchukua kiangazi kizima.
Nilimcheka, mimi na darasa la saba langu
na mpango wangu wa kukimaliza Kitabu chote kwa mwaka.
Nilikimaliza. Sikumbuki nilichokula.

Saa nne usiku. Mstari umeniponyoka vipande vipande,
kama majani yaliyofungwa vibaya kwenye fito.
Limebaki neno moja:
Kaeni.

Nimekaa. Kigoda, magoti, moshi.
Hilo nimeshalifanya, nasema, lete lingine.
Neno haliendi. Linauliza kama mjumbe wa nyumba kumi:
Unakaa wapi?
Hapa, kwa Kashindye, nyumba ya bati, ukipita ghala la chama.
Hapana.
Unakaa wapi?

Nachokoa moto. Kaa moja linadondoka nje, jekundu,
nami nacheka peke yangu gizani: kaa!
Nani aliyeitia lugha yetu ujanja huu,
kinachotulia na kinachowaka viitikie jina moja?
Naliangalia likijivika jivu
taratibu, kama mgonjwa anayevuta shuka.
Nalirudisha kwa wenzake kwa ncha ya kijiti.

Saa saba. Usingizi unanivuta shingo.
Hapo neno linageuka, linanipa upande ambao sikuuomba.
Pesa ya tumbaku haikai mkononi.
Chokaa ya ukuta wa kaskazini haikukaa.
Mimba ya kwanza haikukaa.
Wala ya pili. Muuguzi alisema hivyohivyo,
akiandika, bila kuinua uso:
haikukaa.
Miaka kumi na moja, na kumbe ni neno lilelile!
Basi nalitema.
Nasimama, naenda kuhesabu magogo ambayo sina haja ya kuyahesabu,
namwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika.
Mbwa anaamka, ananitazama, analala tena.

Sisemi kwamba nilijibiwa.
Mwinjilisti Mlyambate angependa niseme nilijibiwa,
Jumapili, mbele ya watu, kwa vigelegele.
Nilirudi tu, kwa sababu moto ulikuwa umeshuka
na majani ya watu wanne yalikuwa mle ndani.
Nikasukuma gogo. Nikaketi.
Na neno lilikuwa palepale nilipolitema.
Halikuwa limenuna.
Halikuwa limeenda kutafuta mtu mwenye imani zaidi.
Lilikuwa limekaa.

Sikuwa nimewahi kuwaza
kwamba anayesema kaeni
labda ndiye aliyetangulia kukaa,
kwenye moshi huu, zamu zote hizi,
na ile asubuhi ya zahanati pia, kwenye benchi,
upande ambao sikugeuka.
Labda. Nalitafuna hilo labda.
Lina uchungu mbele na kitu kingine nyuma,
kama asali ya nyuki wadogo.

Alfajiri Kalunde, mtoto wa dada yangu, analeta uji.
"Mama mdogo, umesoma mpaka wapi?"
"Neno moja."
"Usiku kucha?"
"Bado sijalimaliza."
Ananitazama vilevile nilivyokuwa nikimtazama Nyanzala,
kisha anachungulia bani, anaziba pua:
majani ya chini yameanza kugeuka manjano.